Nilimfuata Hyde mpaka Bournemouth

Siku ya 1, Jumatatu. Leicester kwenda Edinburgh

Safari imeanza na usingizi. Nimetoka shifti ya usiku saa mbili asubuhi, nikapita geto kuoga na kubeba begi, saa nne niko stesheni macho mekundu kama mla ugoro. Treni ya kwanza mpaka Peterborough, pale unabadilisha unapanda ile ndefu ya kwenda kaskazini. Nimelala mpaka mate yakanitoka, nimekuja kushtuka tuko karibu na Berwick, bahari iko kulia, ya kijivu, haina hata mtumbwi mmoja. Mtoto wa Tanga ukiiona bahari ya hivyo unaionea huruma.

Kwa ambao hatujuani, mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee huku Uingereza. Usiku kuna masaa, kuanzia kama saa sita hivi mpaka saa kumi, kengele hazilii, wazee wamelala, unabaki wewe na taa ya korido. Masaa hayo ndio nimekuwa nasoma vitabu vya kale vya kutisha vya hawa watu, na mwaka huu nimepandwa na wazimu wa kukitafsiri kile cha Stevenson, mwandishi wa Scotland, cha Dr Jekyll na Mr Hyde, kwenye simu, kidole kimoja, hakuna aliyenituma wala anayenilipa.

Hadithi mnaijua kwa juu juu. Daktari mheshimiwa anachanganya poda na maji ya rangi rangi, anakunywa, anageuka mtu mwingine, ndio Hyde, mfupi, mchafu wa roho, anatoka usiku anafanya uchafu wake, halafu anakunywa tena anarudi kuwa mheshimiwa. Kilitoka Januari 1886, bei shilingi moja (ndio, shilingi hii hii yetu, tumeipata kwao). Ila waliokinunua kwa mara ya kwanza hawakujua kama hawa wawili ni mtu mmoja, siri inafunguka mwishoni kabisa, sisi muvi zimetumalizia utamu.

Sasa nilipokwama ni sura ya mwisho, ile Jekyll anapoandika maungamo yake. Anasimulia Hyde alivyotembea London usiku anakimbia polisi, mara anajikatiza mwenyewe, anasema: yeye, nasema yeye, siwezi kusema mimi. Nimekaa na sentensi hiyo wiki tatu. Maana Kiingereza mtu anataja nafsi mara moja halafu anaweza kurundika vitenzi mbele yake, vyote vitupu. Kwetu kila kitenzi kinakuja na kitambulisho chake shingoni: nilitoka, alitoka, nikapiga, akapiga. Huwezi kupiga hatua mbili bila kusema ni nani. Stevenson anataka ile nafsi iteleze mkononi, Kiswahili kinaidaka kila mara.

Mama nilimwambia naenda kufuatilia mambo ya kitabu akanitumia voisi: "We Iddi, huyo mzungu si amepandwa na pepo tu? Atafutiwe mganga." Nimecheka peke yangu kwenye behewa. Ila swali lake si la kipuuzi, nitalirudia.

Na kitu kingine, kazini beji yangu imeandikwa Eddie. Sikuandika mimi, supavaiza alisikia hivyo siku ya kwanza nami nikaona noma kumrekebisha, mwaka wa nne huu. Jina la kwanza la Hyde ni Edward. Nimeligundua hilo wiki iliyopita saa tisa usiku, sikulipenda.

Siku ya 2, Jumanne. Mji mkongwe

Hosteli baridi, chai ya maziwa ya baridi, tuyaache.

Asubuhi nimepanda Lawnmarket mpaka kichochoro cha Lady Stair's Close, kuna makumbusho ya waandishi pale, bure kabisa. Nyumba yenyewe ya zamani, ngazi za mviringo nyembamba, wanasema kuna kipandio kimoja kilitengenezwa makusudi kimo tofauti na vingine ili mwizi akiingia gizani ajikwae. Mimi nimejikwaa mchana kweupe.

Nilichokuja kuona ni kabati. Kabati refu la mbao, liko kwenye chumba cha Stevenson, ukilipita haraka utadhani fanicha ya kawaida. Lakini lilikaa chumbani kwake alipokuwa mtoto, mtoto mgonjwa mgonjwa wa kifua, halali, yaya wake anamhadithia habari za shetani na moto, na pembeni ya kitanda kuna hilo kabati, na aliyelitengeneza anajulikana kwa jina: William Brodie.

Brodie alikuwa fundi seremala, na si fundi wa kokoto, alikuwa mkuu wa chama cha mafundi wenzake na diwani wa jiji. Matajiri walimwita majumbani kwao kufunga makabati na kurekebisha vitasa. Akishaingia anaangalia funguo zinaning'inia wapi, anazigandamiza kwenye udongo laini wa kuzibia vioo, anakwenda kuchonga nakala. Usiku anarudi na genge lake. Mchana kesho yake mwenye nyumba anakuja kumlalamikia diwani kwamba mji umeingia wezi, diwani anasikitika naye. Ilikwenda hivyo miaka, mpaka Machi 1788 wakavamia ofisi ya ushuru, mmoja akawasaliti wenzake, Brodie akakimbilia Amsterdam wakamfuata huko huko, na tarehe 1 Oktoba 1788 akanyongwa mbele ya umati hapo hapo mjini. Mjomba wangu ni seremala, kwa hiyo mimi nimesimama mbele ya lile kabati naangalia milango inavyokutana katikati kama nilivyofundishwa kuangalia, na nikawa nawaza kitu kimoja tu, ile mikono. Mikono iliyopiga randa hii mbao ndio ile ile iliyokuwa inagandamiza funguo. Hakukuwa na dawa ya kunywa katikati.

Stevenson alimng'ang'ania huyu Brodie. Kabla ya Jekyll aliandika tamthilia juu yake, akishirikiana na rafiki yake Henley, haikufanya vizuri. Nadhani najua kwa nini, Brodie ni mnafiki tu, na mnafiki hatishi, mnafiki tunaye kila mtaa. Kinachotisha ni pale mnafiki anapochoka kuigiza akatafuta njia ya kugawana.

Ukitoka pale chini kidogo kuna baa yenye jina lake, kibao cha nje kina sura mbili, ukitokea upande mmoja unaona muungwana, ukitokea upande wa pili unaona mwizi. Watalii wanakipiga picha upande mmoja wanaondoka.

Na mji wenyewe umegawanyika hivyo hivyo. Huku juu mji mkongwe, vichochoro vya kupita mtu na bahati yake, kule ng'ambo ya bonde mji mpya ulioanza kupimwa 1767, mitaa imenyooka kama rula. Stevenson alikulia kule kwenye rula, namba 17 Heriot Row, baba yake injinia wa minara ya taa za bahari, ukoo mzima wajenzi wa minara. Usiku kijana anavaa koti lake la mahameli anavuka kuja huku kwenye vilabu, walimpa hata jina la hilo koti. Nimeitembea njia hiyo kwa miguu, kama dakika ishirini, kumi na tano ukiwa na njaa. Hadithi inasema ni London lakini mimi nakwambia nyumba ya Jekyll, mbele ikitazama uwanja wa waheshimiwa na mlango wa nyuma ukitokea uchochoroni, haikutoka London peke yake.

Kumbe Stevenson hata jina alibadili, alizaliwa Lewis akawa anaandika Louis. Na kule Samoa alikokwenda kufia 1894 walimwita Tusitala, msimulizi wa hadithi, kuna pete yake pale makumbusho ina jina hilo. Nimeiangalia ile pete nikaishika beji yangu mfukoni, sijui hata kwa nini nimekuja nayo likizo.

Siku ya 3, Jumatano. Arthur's Seat

Leo ni mlima. Si mlima wa kuogopesha, mita 251, ukiupanda kutokea upande wa bustani ni saa moja. Nimeondoka giza bado ili nifike jua linachomoza, kwa sababu ya James Hogg.

Huyu Hogg ndio bwana wao wote kwa maoni yangu na wengi hawamjui. Alikuwa mchungaji kondoo, kusoma alijifundisha ukubwani, na 1824 akatoa kitabu bila kuweka jina lake, maungamo ya kijana mmoja anaitwa Robert Wringhim. Kijana ameambiwa na mlezi wake kwamba yeye ameshachaguliwa na Mungu, jina lake limeshaandikwa peponi, hakuna dhambi itakayolifuta. Siku hiyo hiyo anatoka nje anakutana na mgeni anayefanana naye kama pacha. Mgeni huyo, anajiita Gil-Martin, ana kipaji, akimtazama mtu kwa makini sura yake inageuka kuwa ya huyo mtu, na akishapata sura anapata na mawazo. Basi anakuwa rafiki, anamsukuma kidogo kidogo, ua huyu, ua yule, wewe umeshaokoka bwana.

Hapa mlimani kuna sehemu kaka yake, George, anapanda alfajiri kutafuta hewa, ukungu umetanda, mara anaona kwenye ukungu mbele yake sura ya ndugu yake, kubwa mno, inamtazama. Anageuka kukimbia, anagongana na ndugu yake mwenyewe, mwili na damu, alikuwa nyuma yake anamnyemelea. Ile ya mbele inaweza kuelezeka, jua likiwa chini nyuma yako na ukungu ukiwa mbele, kivuli kinaanguka kwenye ukungu kikiwa kirefu cha ajabu. Hogg alichunga milimani huko, haya alikuwa anayajua. Ukimaliza kuielezea bado yule wa nyuma yupo.

Mimi nimepata ukungu, jua sikupata. Nimekaa juu ya jiwe nusu saa nangoja kivuli changu, nikaona viatu vyangu tu. Halafu kitu kikanigusa mgongoni nikapiga yowe, mbwa, mwenye mbwa anakuja anahema ananiomba radhi, nami nacheka kicheko kile cha uongo, magoti yanagonga.

Kuna ukurasa wa Hogg ninaurudia sana. Wringhim anaumwa, yuko kitandani, anaona kitandani wako wawili. Sawa, hilo tumelizoea. Lakini anasema kilichomsumbua zaidi ni kwamba katika hao wawili hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye. Kaka yake na yule rafiki, ndio wamelala pale. Yeye hayupo.

Kuna mzee kazini alikuwa hivyo. Usiku akienda kunawa anamkuta mtu kwenye kioo. Siku nyingine anamwamkia kwa adabu kabisa, siku nyingine anamtukana atoke chumbani kwake. Tukafunika kioo kwa taulo, ndio utaratibu. Usiku wa kwanza baada ya kufunika akanivuta mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, yule bwana amekwenda wapi? Alikuwa na wasiwasi naye. Sikuwa na jibu, nikamwambia amelala.

Siku ya 4, Alhamisi. Surgeons' Hall, halafu treni

Makumbusho ya madaktari wapasuaji, kiingilio kinalipwa. Watu wanakuja kuona kijitabu kidogo cheusi cheusi kilichotengenezwa kwa ngozi ya William Burke. Burke na mwenzake Hare mwaka 1828 waliua watu 16 hapa Edinburgh wakawauza maiti kwa Dr Knox wa kufundishia upasuaji. Burke akanyongwa Januari 1829 na yeye mwenyewe akapasuliwa, Hare alimgeuka akatoa ushahidi akaachiwa. Knox hakufikishwa mahakamani. Stevenson naye aliandika hadithi ya wauza maiti, 1884. Mimi nimekiangalia kile kijitabu sekunde kumi nikatoka nje kupata hewa, siwalaumu waliokaa zaidi.

Ila lile la mama nililitafakari hapo nje. Kwetu mtu akipandwa na pepo anaitwa kiti. Pepo amekuja kukaa, ana jina lake, kabila lake, lugha yake, ukimuuliza unataka nini atasema, ubani, shuka nyekundu, mnapatana. Na maneno aliyoyatoa pepo hadaiwi kiti. Mpangilio mzuri sana ukiufikiria. Jekyll alichotaka ni hicho hicho, anasema wazi, laiti hizi pande mbili zingekaa kila moja nyumba yake, muovu aende zake na mwema asione aibu kwa asiyoyatenda. Alitaka kuwa kiti. Ubaya ni kwamba aliyekuja kukaa hakutokea nje. Alipojitazama kwenye kioo mara ya kwanza hakushtuka, alifurahi, alisema hata huyu ni mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alivyo mdogo nguo zenyewe zilikuwa zinampwaya.

Treni ya mchana mpaka London, masaa manne na nusu, nimelala kwa binamu.

Siku ya 5, Ijumaa. London

Nimezunguka sana leo, nitaandika machache. Leicester Square, namba 28, ndipo alipokuwa anaishi John Hunter, daktari mpasuaji, kuanzia 1783. Mbele wageni wenye magari ya farasi, nyuma mlango mwingine wa mtaa wa Castle Street ambako maiti zilikuwa zinaingizwa usiku, nyumba mbili zimeunganishwa kuwa moja. Kwenye kitabu Jekyll alinunua nyumba yake kwa warithi wa daktari mpasuaji mashuhuri, kwa hiyo watu wengi wanahisi ndio hii. Haipo tena. Upande wa nyuma sasa ni Charing Cross Road, pamejaa watu na maduka, nimenunua chipsi.

Kilichonichekesha ni Lyceum. Agosti 1888 mwigizaji Richard Mansfield alikuja na mchezo wa Jekyll na Hyde ukumbi huu, anageuka jukwaani mbele ya macho ya watu bila kutoka, uso tu na mwili, wanawake wanapiga kelele. Mwisho wa mwezi ule ule yule muuaji wa Whitechapel, wanayemwita Jack the Ripper, akaanza, na kuna mtu aliandika barua polisi kwamba kwa alivyomuona Mansfield akigeuka basi muuaji lazima ni yeye. Meneja wa ukumbi siku zile alikuwa Bram Stoker, yule aliyekuja kuandika Dracula 1897. Jengo limejengwa upya 1904 lakini nguzo za mbele ni zile zile, nimekwenda kuzishika, nainua kichwa, bango kubwa: mchezo wa simba, wahusika wanaitwa Simba na Rafiki. Miaka zaidi ya 20 unachezwa hapo. Nimesimama kwenye mlango wa Hyde nasoma Kiswahili.

Siku ya 6, Jumamosi. Bournemouth

Kutoka stesheni ya Waterloo ni masaa mawili. Mji wa pwani, wa wastaafu, sikutegemea kwamba hapa ndio pangekuwa kilele cha safari.

Kwanza kanisa la St Peter's. Kwenye mteremko wa makaburi yuko Mary Shelley, mwandishi wa Frankenstein, alikufa London 1851 akazikwa hapa, na wazazi wake wakahamishwa kutoka St Pancras kuja kulala naye. Kitabu alikianza na miaka 18, kiangazi cha 1816 ambacho hakikuwa kiangazi, volkano ya Tambora ilikuwa imelipuka mwaka mmoja nyuma kule Indonesia na anga likaharibika, vijana wamefungiwa ndani na mvua karibu na Geneva wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Kikatoka 1818 bila jina lake.

Kuna jambo moja la kitabu kile lazima Mswahili aliamue, Mwingereza anaweza kulikwepa. Yule aliyetengenezwa hana jina. Tunamwita kiumbe. Sasa, kiumbe kilisema au kiumbe alisema? Vyote unaweza, na ukichagua umeshahukumu. Victor aliyemtengeneza angesema kilisema, nina hakika. Kijiji kizima kinachompiga mawe, kilisema. Yule mzee kipofu peke yake, aliyekaa naye sebuleni bila kumuona sura akaongea naye kama mgeni, ndiye angesema alisema. Halafu katikati ya kitabu kiumbe anashika hadithi mwenyewe, anaanza kusema mimi, sura baada ya sura, na ubishi wote wa ki na a unakufa. Nimekaa kwenye ngazi pale chini ya kaburi nikaandika hili lote kwenye simu, mvua ya rasharasha.

Na mtoto wa Mary, Sir Percy, alikuwa anaishi mji huu huu Stevenson alipokuwa hapa, walikuwa marafiki, Stevenson alikuja kuwatunukia yeye na mkewe kitabu chake kimoja. Yaani Jekyll ameandikwa jirani na mtoto wa Frankenstein, niseme hivyo mnisamehe.

Mchana nikapanda basi mpaka Alum Chine Road. Nyumba ya Stevenson iliitwa Skerryvore, jina la mnara wa taa aliojenga baba yake mkubwa. Hapa mwaka 1885, anatema damu, daktari kamkataza hata kuongea, aliota ndoto, akaandika, mkewe akakosoa, akachoma yote motoni akaanza upya, siku chache tu kikaisha. Bomu la Wajerumani liliipiga nyumba 1940 ikabomolewa. Waliyobakisha ni ramani ya kuta, zimechorwa ardhini kwa mawe, urefu wa goti, na mnara mdogo wa mfano. Unaingia kwa kuvuka mlango usiokuwepo. Nimesimama chumba ambacho nadhani kilikuwa cha kulala, majani yamelowa, nyasi zimekatwa vizuri.

Hapo ndio nimefungua voisi ya mama ya jana. Nilimuuliza kuhusu marehemu babu, maana nakumbuka kulikuwa na maneno. Akasema: "Babu yako? Usiku huamka, huenda uwani, huongea, hucheka, hurudi kulala. Asubuhi ukimuuliza, anakuuliza wewe, nani huyo?"

Nikairudisha nyuma nikasikiliza tena. Huamka, huenda, hucheka. Hakuna a wala ni. Katika vitenzi vyetu vyote vyenye kelele ya nafsi kuna hii hu- moja haina mtu, mimi huamka, yeye huamka, wao huamka, haibadiliki, ukiondoa jina mbele hujui ni nani, na ni ya mambo ya mazoea, ya kila usiku. Wiki tatu natafuta tundu na mama anaongea kupitia humo tangu nizaliwe.

Nikaandika nikiwa nimesimama: Usiku huamka. Huvaa nguo zilizo kubwa, hushuka ngazi za nyuma, hufungua mlango, hutoka. Alfajiri hurudi, hunawa mikono, hulala.

Nikaisoma kwa sauti, mama mmoja aliyekuwa anapita na kitoroli akaongeza mwendo. Simu ikalia ujumbe wa kazini, Eddie unaweza kuja kesho usiku, mtu kaumwa. Saa kumi na robo, giza tayari linaingia, na basi la kurudi mjini linapita kila nusu saa.